Utepe Mwekundu kwenye Kiti cha Mbele

Bourbon-Lancy, 5 Juni 1978

Mke wangu Huguette,

Mimi nimeamka salama, goti limeamka na hasira. Daktari alilibonyezabonyeza jana kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akasema upasuaji umekwenda vizuri sana. Lingekuwa goti lake asingetabasamu vile. Chakula cha hapa kinachemshwa mpaka hujui tena kilikuwa kitu gani. Simu iko ukumbini, na wagonjwa wote husogeza viti karibu mtu akiongea, kwa hiyo nitaendelea kukuandikia.

Katibu wa chama chetu cha baiskeli ameniletea barua. Anasema njia yangu ya msituni lazima ikaguliwe kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo haitaingia kwenye kijitabu cha mwaka huu. Na kwa kuwa ni njia iliyochorwa kwa ajili ya baiskeli za watu wawili, ni lazima ikaguliwe kwa baiskeli ya watu wawili, na watu wote wawili wawe juu yake. Kanuni hiyo niliitunga mimi mwenyewe, kwa hiyo siwezi hata kumtukana. Nimemjibu angoje Septemba. Njia ya Pautrat bila Pautrat ni kitu gani? Ni barabara tu zenye miti kandokando.

Basi wewe pumzika. Mwagilia maharage. Baiskeli yetu ile, Ndefu, iache ikining'inia bandani, usijaribu kuishusha peke yako, itakuangukia. Kiti changu cha mbele nimekifunga utepe mwekundu pale bomba linapoingia kwenye fremu. Hapo ndipo kimo changu hasa, na nilikipata baada ya miaka ya kuumwa kiuno, kwa hiyo mtu asikiguse.

Nimekukumbuka. Juzi nimeota tunashuka kutoka Haut-Folin, mlimani, mimi mbele nakata upepo, wewe nyuma unaimba. Nilipozinduka nilikuwa nimekamata chuma cha kitanda kama breki.

Mumeo,
Anselme


Planchez, 8 Juni

Mume wangu,

Pole na goti. Barua yako ilifika nyumbani Autun nikiwa tayari nimevaa viatu vya safari. Nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaitia mfukoni, nikatoka.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Katibu alinipigia simu mwenyewe. Septemba haingojei mtu: wasafiri wa kiangazi wanaanza kuja Julai, na kama njia yako haijakaguliwa, nafasi yake katika kijitabu wanapewa wale wa Saulieu, ambao njia yao inapita kwenye barabara kuu, kati ya malori. Nikaona ni heri ikaguliwe na mimi kuliko isikaguliwe kabisa. Alihitajika mtu wa pili, na aliyekuwa na nafasi ni mmoja tu: Régis Boidot, yule fundi wa paa aliyejiunga na chama wakati wa baridi. Ulimwona kwenye chakula cha pamoja cha Februari. Ni yule aliyekula supu kimya, akaosha bakuli lake mwenyewe.

Tumefikia kwa Bi Berthe hapa Planchez. Vyumba viwili, kabla hujauliza. Kila siku tunakagua kipande kimoja cha njia na kurudi kulala hapa.

Habari za njia ni hizi. Ouroux, duka la mkate limefungwa. Kadi za wasafiri sasa zitapigwa muhuri kwa muuza tumbaku, mama mmoja mkali lakini muhuri wake unasomeka. Anost, mshale wetu umefunikwa na matawi, tumeyakata. Misonobari ya upande wa Arleuf imekatwa yote, mlima umebaki uchi, inasikitisha.

Jana asubuhi tulipanda Haut-Folin. Ukungu ulikuwa bado umekaa msituni, unasikia matone tu yakidondoka kwenye majani. Tulipofika kwenye ile kona ya juu jua likapasua, na bonde lote likafunguka mbele yangu, mashamba, ng'ombe weupe, mnara wa kanisa kwa mbali kabisa. Sikujua kwamba lipo.

Usijisumbue na maharage. Jirani anayamwagilia.

Mkeo,
Huguette


Bourbon-Lancy, 10 Juni

Huguette,

Umefanya vizuri kuiokoa njia. Nimeshakupongeza. Sasa turudi kwa Boidot.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili, na kila nikiisoma huyo bwana anazidi kukua ndani yake. Anakula kimya. Anaosha bakuli. Ndio hao. Nasikia huko Nevers alikuwa na mke na sasa hana; mtu hapotezi mke kama anavyopoteza mwavuli. Na wewe umempandisha kwenye Ndefu yangu.

Usiniambie habari za vyumba viwili. Nani kazungumzia vyumba? Wewe na mimi tunajua kiti cha nyuma kilivyo. Hakuna pa kutazama isipokuwa mgongo wa aliye mbele. Akivuta pumzi unavuta, akiacha kukanyaga, miguu yako inaacha yenyewe. Watu hucheza dansi wakiwa wameachana zaidi ya hapo. Mgongo huo siku zote ulikuwa wangu. Je, anatoka jasho? Anaimba? Akiliona shimo anakuonya, au anakurusha tu kama gunia la viazi? Mimi nilikuwa nasema "shimo". Kila shimo, Huguette, hata dogo.

Na hilo bonde. Tumepita pale kila mwaka na hujawahi kunitajia bonde. Leo ng'ombe, leo mnara wa kanisa, leo ukungu unadondoka. Umelionaje? Ina maana bega langu lilikuwa linakuziba? Basi huyo Boidot ana mabega ya namna gani, hata bonde zima lipite juu yake?

Nina wivu. Nausema ili usije ukasema nimeuficha. Ninakaa hapa na mguu juu ya mto kama mgeni wa heshima, na ninawaona nyinyi wawili mkipanda msituni kwa mapigo mamoja ya pedeli, na uji wa jioni haunishuki.

Nijibu swali moja tu. Kiti changu cha mbele kiko wapi sasa, ukilinganisha na utepe mwekundu?

Mumeo (bado),
Anselme


Planchez, 12 Juni

Anselme,

Kiti cha mbele kimeshushwa vidole vinne chini ya utepe. Utepe wenyewe upo, haujaguswa.

Régis haimbi. Kwenye miteremko anaomba Mungu kwa sauti, na tukifika chini anasema "Amina" na kuomba radhi. Jasho anatoka, kila mtu anatoka, huku kuna milima.

Leo tumekagua hadi Montsauche. Mvua ilitushika mchana kutwa, na pancha moja, gurudumu la nyuma. Msitu ukilowa unanuka uyoga na mbao mbichi. Nimechoka vizuri. Nakuandikia kitandani na kalamu inanitoka mkononi.

Umeniuliza swali moja tu, nimelijibu. Kama una jingine, uliza.

Huguette


Bourbon-Lancy, 14 Juni

Bi Berthe mpendwa,

Salamu kutoka kwa mteja wako wa zamani. Natumaini kiuno chako hakikusumbui na kwamba bado unazitengeneza zile chapati nene za mayai na mafuta ya nguruwe, kwa sababu ninapozifikiria hapa ninakaribia kulia.

Nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi. Kwa siku kadhaa nilikuwa nasumbuliwa na huyo fundi wa paa aliyemchukua mke wangu, namaanisha aliyemsindikiza. Sasa nimetulia. Huguette ameniandikia kwamba kiti cha mbele kimeshushwa vidole vinne, nami nimeendesha baiskeli maisha yangu yote, najua maana yake: Boidot ni kijitu. Vidole vinne chini yangu, na mimi mwenyewe si mnara. Sasa naelewa hata habari ya bonde: mtu akikaa nyuma ya kijitu kama hicho anaona mpaka Uswisi. Nimelala usingizi wa mtoto. Mwanamume ambaye miguu yake inaishia mapema hivyo, tena anayeomba Mungu kwenye mteremko, si wa kumnyima mtu usingizi.

Hata hivyo wewe una macho. Wanapokula jioni wanazungumza nini? Wanakaa upande mmoja wa meza au pande mbili? Nauliza tu.

Mbusu Huguette kwa niaba yangu, ukipata nafasi.

Anselme Pautrat


Planchez, 16 Juni

Bwana Anselme,

Kiuno changu ni kizima, asante, ni wewe unayekiulizia tu unapotaka kitu.

Kijitu? Nimecheka mpaka mbwa akatoka nje. Boidot wako akiingia jikoni kwangu inambidi ainame, na jana alisahau akajigonga kwenye boriti mpaka sufuria zikalia. Ana miguu kama ngazi. Nimemwekea godoro chini kwa sababu kitandani anatokeza. Sijui ni nani kakwambia habari za kijitu. Kama ni hesabu zako za vidole, rudi shule.

Umeniuliza wanakaaje mezani. Wanakaa pande mbili, katikati iko supu. Kuhusu mazungumzo, haya ya juzi nayakumbuka, maana nilikuwa nabeba sahani.

"Bi Huguette," anasema yeye, "kesho tusipite tena njia ile ya jana. Nimezeeka mwaka mzima kwenye ule mteremko."

"Ulikuwa umefumba macho, umeuonea wapi?" anasema mkeo.

"Nimeusikia."

Hapo mkeo akacheka mpaka akashika meza. Basi. Kama hayo ni mapenzi, hata mimi na mpeleka barua tumeshaoana.

Lakini nitakwambia jambo moja, na usinune. Miaka yote mnakuja hapa wewe ndiye unaingia wa kwanza, unaagiza kwa ajili yenu wawili, unasimulia safari nzima, na yeye anaitikia. Nilikuwa namdhania mtu mkimya. Kumbe ana maneno, na anachekesha. Juzi amewasimulia wakata magogo habari ya nguruwe mwitu wa Arleuf, na mkahawa wote uliacha kucheza karata ukasikiliza. Nguruwe yule yule wako, Anselme. Akisimulia yeye ni mkubwa zaidi.

Liko pia jambo lingine nililoliona siku ile ya kwanza walipofika uani, lakini si langu kulisema. Muulize mkeo.

Wako,
Berthe


Bourbon-Lancy, 18 Juni

Huguette,

Kwa hiyo ni mrefu. Ana miguu kama ngazi, anatokeza kitandani, na wewe umeniacha nimdharau mbele ya Berthe, ambaye sasa nchi nzima ya Morvan itamsikia akicheka.

Mimi si mwerevu sana lakini baiskeli naijua. Mtu mrefu hawezi kukaa kwenye kiti kilichoshushwa vidole vinne; magoti yangemgonga kidevu. Kwa hiyo ama umenidanganya kuhusu kiti, ama kuna mtu wa tatu. Uliniandikia kwamba utepe haujaguswa, nikakuamini. Uliniandikia vyumba viwili, nikakuamini. Sasa sijui niamini lipi. Jirani yangu wa kitanda ananiuliza kwa nini natweta. Namwambia ni goti.

Na unamsimulia nguruwe wangu. Kwa watu. Mkahawani.

Umesema kama nina swali jingine niulize. Haya, nauliza, na nataka jina: nani anakaa kwenye kiti changu cha mbele?

Anselme


Planchez, 20 Juni

Anselme,

Mimi.

Ni mimi ninayekaa mbele, tangu siku ya kwanza. Uliniuliza jasho la Régis, mabega ya Régis, kiti kiko juu au chini. Nilikuwa nangoja tu uulize mimi niko wapi. Ningeweza kukwambia mapema, ni kweli, lakini niliogopa ungepiga simu kwa katibu na kunirudisha nyumbani kwenye maharage. Kisha nikawa na hamu ya kuona itakuchukua muda gani. Hilo nalo ni kosa, nalikubali.

Ilikuwa hivi. Régis aliishusha Ndefu bandani, akaizunguka, halafu akaniambia, "Bi Pautrat, mimi nilianguka kutoka kwenye paa la kanisa miaka ya nyuma. Kupanda napanda popote. Kushuka, nikishika usukani, mikono inatetemeka. Niweke nyuma, nitakanyaga mpaka uniambie basi."

"Sijawahi kukaa mbele," nikamwambia.

"Si unaijua njia?"

"Naijua kwa mabega ya mume wangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kona ya Arleuf naijua kwa sababu bega lako la kushoto linashuka kabla hatujafika. Kilima cha Anost nakijua kwa kikohozi chako. Barabara yenyewe nilikuwa siijui, kama mtu aliyeishi miaka mingi karibu na redio bila kuona nani anaongea. Siku ya kwanza tuliingia mtaroni mara mbili. Régis alitoka kwenye nyasi, akajikung'uta, akasema, "Tunaendelea?" Tukaendelea. Tulipofika Anost mikono yangu ilikuwa imetulia. Tulipofika Haut-Folin nikaliona lile bonde, nikalia, kwa furaha kwanza na kwa hasira baadaye.

Maana mimi pia nilikuwa na wivu, Anselme, na wangu ni wa siku nyingi kuliko wako. Niliyaonea wivu macho yako. Ulikuwa unaona kila kitu wa kwanza, kisha unanipa ulichotaka kunipa. Ulisema "shimo", ndiyo, kila shimo, nakushukuru. Hukuwahi kusema "bonde".

Angalia nyuma ya koti lako la kijani, chini ya kola. Kuna kiraka. Nilikitia mwaka ule mvua ilipotupiga Saulieu, nikakishonea jani la mwaloni kwa uzi wa manjano ili niwe na kitu cha kutazama. Nimepanda milima yote ya Morvan nikilitazama jani hilo. Sikukuonyesha kwa sababu lilikuwa langu.

Sasa kazi. Mteremko wako wa Dun nimeutoa kwenye njia. Malori ya magogo yameuchimba, changarawe imejaa kwenye kona, mtu atavunjika shingo. Nimeipitisha njia upande wa kijito, chini ya mialoni, na katibu amekubali. Najua ulikuwa unaupenda.

Kimebaki kipande kimoja tu, kutoka hapa Planchez hadi ziwa la Settons. Sijakikagua, na bila hicho siweki sahihi. Nimekiacha kwa ajili yako. Nimempigia simu daktari, na anasema kukanyaga kidogo kidogo ni dawa: mguu mzima ukanyage, ule mwingine usindikizwe. Kwa hiyo nyuma unaweza. Mbele huwezi, na hata ungeweza, nisingekupa.

Jumamosi nitakuwa langoni kwenu. Régis atanisindikiza mpaka hapo, kisha atarudi kwa treni. Kiti cha nyuma nimekipima kimo chako, na utepe mwekundu nimeuhamishia huko.

Huguette


Bourbon-Lancy, 22 Juni

Huguette,

Usije.

Nilifungua barua yako nikitarajia kusoma jina la mwanamume. Ningejua la kufanya. Ningemchukia, ningepiga meza, Berthe angenicheka, yangekwisha. Badala yake nimekuta neno moja, na tangu hapo ninatembea ukumbini na magongo yangu kama mtu aliyepotewa na kitu asichokijua jina.

Ninayemwonea wivu ni wewe. Boidot simwazii tena, arudi kwenye mapaa yake. Ninakuona wewe umeshika usukani wangu, upepo unakupiga wewe, ukungu unakufungukia wewe, wakata magogo wanaacha karata kwa ajili yako. Umeutoa mteremko wangu wa Dun kana kwamba unatoa jiwe kwenye kiatu. Nilipouchora hapakuwa na lori hata moja. Ile ni njia ya Pautrat. Utasema na wewe ni Pautrat. Najua, sikulala kwa sababu hiyo.

Mimi nyuma nitafanya nini? Niimbe? Sijui nyimbo zako. Nikae pale nibebwe kama kikapu cha mayai, nipite kwenye vijiji vyangu vyote watu wakitazama?

Kiti cha nyuma sikikalii. Njoo kwa basi, uniletee soksi.

Anselme

Koti la kijani liko hapa. Nimelivua nikalitazama. Jani si baya.


Luzy, 25 Juni

Bi Berthe,

Tuwekee chumba kimoja Jumatano, goti likikubali. Tunakuja polepole, siku moja tunasafiri, siku moja ninalalamika. Kabla hujasikia kwa mwingine nakwambia mwenyewe: nimekaa nyuma. Cheka, nangoja.

Umemaliza? Haya.

Jana nilikuwa nimeketi kwenye benchi la langoni, nimenuna, begi langu nimeliacha ndani makusudi ili ajue siendi. Nikaiona Ndefu inashuka kilima. Boidot nyuma amefumba macho, midomo inamcheza. Huguette mbele. Aliikata ile kona ya langoni vizuri sana, Berthe, na sikupenda hata kidogo ilivyokuwa vizuri. Boidot akashuka, akakunjuka mpaka juu kabisa, akanipa mkono. "Mkeo anaendesha kama aliyezaliwa barabarani," akasema. Nikamjibu kwamba mke wangu namjua. Akanitazama kwa upole, nikatamani kumpiga na gongo. Kisha akachukua mfuko wake akaenda kituoni.

"Soksi ziko wapi?" nikamuuliza Huguette.

"Autun," akasema. "Zifuate."

Hakushuka kwenye baiskeli. Alikaa pale, mguu mmoja chini, usukani mkononi, anatazama mbele, na kiti cha nyuma kitupu. Utepe mwekundu ulikuwa pale pale pa kimo changu, hakukosea hata nusu ya kidole. Nilisimama muda mrefu. Nilijua kwamba nikirudi ndani angeondoka, na kwamba baada ya hapo nisingekuwa na njia wala mtu wa kukaa naye juu yake. Nikaenda kuchukua begi.

Ni mahali pabaya, kule nyuma. Kwenye kila mteremko nilikuwa nakamata breki ambazo hazipo. Niliona shimo nikapiga kelele "shimo", akasema, "Nimeliona," na tulikuwa tumeshalipita. Goti linauma, si sana. Kisha tulipoingia kwenye ile mialoni kabla ya Luzy, kimya, kivuli tupu, akasema bila kugeuka, "Bonde, kulia." Nikainama kulitazama, nusura nituangushe wote wawili. Ni bonde zuri. Nimelipita mara ngapi, sijui.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya bonde. Huguette anavaa lile sweta lake la bluu, unalijua. Mgongoni, chini ya kola, lina tundu. Kidole kinaingia. Si la juzi. Kingo zake zimekunjamana, limefuliwa nalo miaka na miaka. Yeye hawezi kuliona, na nyuma yake hakuwahi kukaa mtu, kwa sababu mimi nilikuwa mbele. Nimelitazama tangu Bourbon-Lancy hadi hapa, hakuna kingine cha kutazama. Na kila nikilitazama nakumbuka kwamba Boidot ameliona kabla yangu. Amekaa hapo siku zote hizo, na tundu hilo mbele ya pua yake, na ndani yake kipande cha shingo ya mke wangu, na kwa ustaarabu wake hakusema neno. Damu inanichemka, Berthe, na safari hii hakuna wa kumwandikia barua kali.

Niandalie sindano na uzi wa manjano. Na unifundishe jinsi jani linavyoshonwa, tukiwa jikoni, akiwa amelala. Yeye usimwambie.

Anselme Pautrat,
kiti cha nyuma